Sura ya Saba: Wanakondoo wa Jedwali la Nne

Barua ya kuomba radhi ilikuwa imeshaandikwa, kwa lugha tamu, na muhuri umeshagongwa. Ilikosa sahihi tu. Velika Drumeva aliisukuma mezani mpaka ikafika mbele ya Daktari Ralitsa Gyurova, kisha akaweka kalamu juu yake.

"Nimeagizwa nikupe," alisema. "Sikuagizwa nikubembeleze."

Ralitsa hakuigusa kalamu. Alikuwa daktari wa mifugo wa miaka ishirini na tisa, mikono imempasuka kwa baridi ya mazizini. Aliisoma barua mara moja, akairudisha ilikotoka.

"Mwambie Mhariri Mkuu akawashie nayo jiko."

Velika alilipenda jibu hilo, ingawa hakuonyesha. Alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka ishirini na miwili, na alipostaafu jarida la taasisi ya utabibu wa mifugo lilimwajiri akague makala kabla hazijaenda kuchapwa. Watu walidhani kazi yake ni kuhesabu nukta na mikato. Kumbe wasomi nao huiba na kudanganya kama wezi wa sokoni, tofauti ni kwamba wao huweka tanbihi.

Makala iliyoleta kasheshe ilikuwa ya dawa mpya ya minyoo ya kondoo. Mwandishi wa kwanza alikuwa Profesa Asparuh Lalev, mkuu wa idara. Wa pili alikuwa Ralitsa, ambaye ndiye aliyepanda mlima kila wiki kupima wanyama. Prufu, kurasa za kukaguliwa mara ya mwisho kabla ya kuchapa, zilikuwa tayari, kumi na moja safi kabisa, mpaka mhakiki mmoja alipoandika kwamba takwimu za Jedwali la Nne zimepangika mno kuwa za kweli. Profesa hakubisha. Siku iliyofuata alipeleka barua kwenye bodi ya jarida: naam, takwimu zimepikwa, na aliyezipika ni msaidizi wangu. Bodi ingekaa Ijumaa saa nne asubuhi. Kama Ralitsa hangesaini, jina lake lingepelekwa kwa wanaotoa leseni, na leseni ikienda, angebaki na digrii ya kutundika ukutani. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Zile takwimu ni zako?" Velika aliuliza.

"Si zangu. Nimeziona mara ya kwanza kwenye prufu, kama wewe."

"Daftari lako la shambani liko wapi?"

"Nilimkabidhi Profesa mwezi wa Mei. Ndiyo desturi ya idara. Sasa anasema sikumpa."

"Lilikuwa na nini ndani?"

Ralitsa akaangalia dirishani, kwenye theluji iliyorundikana juu ya paa la maabara.

"Daktari, nimeuliza."

"Nimesikia. Sijapika chochote na sitasaini chochote. Zaidi ya hapo sisemi."

"Unamficha mtu."

"Niandikie hivyo kwenye ripoti yako."

"Binti, kesho wanakumwagia unga wako!"

"Waumwage," Ralitsa alisema, akasimama na kuvaa koti. "Lakini wataumwaga wao kwa mikono yao. Mimi siwasaidii."

Mlango ulipofungwa, Velika alibaki na hasira ya namna mbili. Alimkasirikia binti kwa ukaidi wake, na aliwakasirikia zaidi waliomfikisha pale. Polisi ilimfundisha kwamba mwenye hatia huongea sana. Huyu alikuwa amenyamaza kama jiwe, na mtu wa namna hiyo mara nyingi ana mwenzake nyuma yake anayemkinga.

*

Profesa Lalev alimpokea kwa kahawa na tabasamu. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye ndevu zilizochongwa, na ofisi yake ilijaa vyeti kuliko kliniki ya mganga.

"Bi Drumeva! Pole kwa usumbufu. Inauma, unajua. Nilimlea kama mwanangu."

"Nina maswali machache tu, Profesa. Jedwali la Nne. Nani alilitengeneza?"

"Yeye. Faili lenyewe lina jina lake." Aliigeuza kompyuta amwonyeshe. Kweli, lilikuwepo: limetengenezwa na R. Gyurova, mwezi wa Julai.

Velika alilisoma jina mara mbili. "Kompyuta iliyotumika ni ipi?"

"Ile ya chumba cha madaktari."

Velika aliomba kuiona. Ilikuwa mashine moja ya watu sita, na nywila yake ilikuwa imebandikwa ukutani kwa plasta ya kufungia kwato. Muuguzi mmoja aliyekuwa akila banitsa, andazi la jibini, pale pembeni alisema bila kuulizwa kwamba Ralitsa ndiye aliyeitoa mashine ile kwenye boksi na kuisajili, kwa hiyo kila kinachoandikwa humo hubeba jina lake, hata orodha ya harusi ya muuguzi mwenyewe. Velika akarudi kwa Profesa. Ushahidi ule haukufaa hata kufungia maandazi.

"Nieleze jaribio," alisema. "Mimi si daktari. Nieleze kama mtoto."

Lalev alipenda kueleza. Wanakondoo madume sitini na wanne, wa mchungaji mmoja kijiji cha Ovchi Dol. Thelathini na wawili walipewa dawa. Thelathini na wawili hawakupewa, hao ndio wa kulinganishia, na bila wao hakuna utafiti. Wote walipimwa uzito na kuhesabiwa mayai ya minyoo kwenye kinyesi.

"Kila lini?"

"Kila Jumatano, bila kukosa. Ndivyo sayansi inavyotaka, nidhamu." Alisogeza prufu na kupitisha kidole juu ya safu za tarehe. "Tarehe kumi na tano Aprili. Ishirini na mbili. Ishirini na tisa. Sita Mei. Kumi na tatu. Ishirini."

Velika alikifuata kile kidole. Kwenye safu ya tarehe sita Mei kilipita kikaenda zake. Yeye macho yake yalibaki palepale.

"Wote sitini na wanne walipimwa tarehe sita?"

"Kama unavyoona."

"Na tarehe kumi na tatu bado sitini na wanne."

"Hakuna hata mmoja aliyekufa. Kundi lenye afya." Akacheka. "Angalau kwa kadiri binti yule alivyoandika."

"Wewe ulifika huko Ovchi Dol?"

"Mimi? Mwaka mzima sikukanyaga. Nina wanafunzi, nina vikao. Nilimwamini yeye, ndilo kosa langu."

"Naomba usaini maelezo hayo, Profesa. Utaratibu tu."

Alisaini bila kusoma, kwa madaha, mkia wa herufi ya mwisho ukipanda juu kama mkia wa paka. Velika alikunja karatasi, akashukuru kwa kahawa, akashuka ngazi kwa haraka kuliko magoti yake yalivyopenda.

Ndani ya gari alikaa kidogo kabla ya kuwasha moto. Tarehe sita Mei ni Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Tangu azaliwe hajawahi kuona nyumba ya Mbulgaria isiyonukia mwanakondoo wa kuoka siku hiyo, na asiyeweza kununua mzima hununua paja. Ofisi hufungwa. Wachungaji huwa na siku moja ya kuuza madume yao yote, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Sasa Jedwali la Nne lilitaka aamini kwamba juu ya mlima, asubuhi ya Georgi, madume sitini na wanne wanono walipanga foleni kwenye mizani, na wiki iliyofuata wakarudi wote, hata mmoja hakupungua.

Aliyeandika vile alihesabu sabasaba kwenye kalenda ya mezani, akaivuka sikukuu bila kuiona.

*

Barabara ya Ovchi Dol ilikuwa imesafishwa nusu tu. Velika alifika saa nane mchana, viatu vimelowa, akamkuta Stamat Karakolev zizini akikwaruza barafu kwenye hori. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya ngozi na sauti ya kuitia mifugo ng'ambo ya bonde.

"Kama umetoka serikalini, kondoo wote wana hereni za namba!" alipaza sauti.

"Nimetoka kwenye jarida, Mzee Stamat."

"Sisomi majarida. Ingia ndani, utaganda."

Jikoni alimwekea maziwa mgando na mkate, na rakia, pombe kali ya matunda, ambayo Velika aliikataa kwa sababu ya gari na mzee akainywa kwa niaba yake. Velika alisema moja kwa moja.

"Mwaka jana madume wako sitini na wanne walikuwa kwenye jaribio la dawa. Ilipofika Georgi, walikwenda wapi?"

Uso wa mzee ukakunjamana. "Jaribio gani?"

"Mzee wangu, nimehoji majambazi. Wewe hujui kudanganya, unashika sikio."

Stamat alishusha mkono haraka. "Nilisaini karatasi," alisema kwa sauti ndogo. "Imeandikwa nisichinje hata mmoja mpaka jaribio liishe, nikikiuka wanifutie usajili wa zizi. Kondoo mia tatu, dada! Lakini nilimwambia yule profesa mbele ya uso wake: nakupa mpaka Georgi. Akasema saini bwana, hiyo ni karatasi tu."

"Ukawachinja."

"Nina wateja wa miaka thelathini. Niwaambie nini, mwaka huu mle kabeji?" Akapiga meza. "Lakini mimi si mjinga. Waliopewa dawa sikuwagusa, nyama yao ina sumu mpaka siku zake ziishe, daktari wetu alinieleza vizuri. Nilichinja wale wengine."

"Wangapi?"

"Wote. Thelathini na wawili. Tarehe tano na sita."

Velika aliweka kijiko chini. Kundi zima la kulinganishia. Utafiti wa Profesa Lalev ulikuwa umeliwa na wilaya nzima kwa saladi ya vitunguu vibichi.

"Una la kuthibitisha?"

Mzee alisita. "Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho saa nne wanamnyang'anya Ralitsa leseni. Wanasema yeye ndiye aliyebuni takwimu. Angeweza kujiokoa kwa sentensi moja, kwamba kondoo waliliwa. Hajaisema. Nilikuwa nashangaa kwa nini, sasa sishangai."

Stamat akasimama, akaanza kutukana, kwa ustadi, akianzia ndevu za profesa na kumalizia babu zake. Alifungua kabati juu ya jiko akatoa kopo la halua, akalimimina mezani. Hereni za plastiki za manjano zilimwagika, zingine bado zina damu kavu.

"Kila anayechinjwa, hereni yake natunza. Sheria. Hesabu mwenyewe."

Velika alizihesabu mara mbili huku prufu ikiwa pembeni. Thelathini na mbili. Aliokota moja, namba 0417, akaitafuta kwenye Jedwali la Nne. Ilikuwepo. Tarehe kumi na tatu Mei, wiki nzima baada ya kuchinjwa, mnyama huyo alikuwa ameongezeka gramu mia tisa. Tarehe ishirini, mia nane zaidi. Akajaribu nyingine, na nyingine tena. Wote walikuwa wakiendelea kunenepa.

"Huyo 0417 namkumbuka," Stamat alisema. "Mnono huyo. Aliyemchukua ni profesa mwenyewe."

Velika aliinua kichwa. "Lalev alikuja hapa?"

"Alikuja tarehe tano kuchukua mwanakondoo wake wa Georgi, akachagua mwenyewe kwa kumbonyeza mgongo. Akadhani namchinjia yeye tu! Aliporudi tarehe kumi na tatu akakuta zizi nusu, nusura anipige. Daktari wetu akasimama katikati. Akamwambia, Profesa, ulionywa."

"Kuna aliyeona?"

"Kuna karatasi." Mzee alivuta droo. "Kila wakipima, daktari anaandika fomu mbili kwa kaboni. Ya juu inakwenda nao, ya chini inabaki kwa mwenye mifugo. Mimi karatasi ya serikali situpi. Marehemu mke wangu alizifungia kwa uzi, na mimi nafunga hivyohivyo."

Nakala zilikuwa nne. Tatu za Aprili, kila moja ikiwa na wanyama sitini na wanne. Ya tarehe sita Mei haikuwepo, maana hakuna aliyepima. Ya nne ilikuwa ya tarehe kumi na tatu, kwa mwandiko wa Ralitsa: wamepimwa thelathini na wawili, waliopewa dawa, mayai ya minyoo hayajapungua, kundi la pili halipo, limechinjwa kwa sikukuu, jaribio limesimama. Chini palikuwa na sahihi tatu. Ya Ralitsa. Ya Stamat, kubwa na iliyopinda. Na ya tatu, mkia wa herufi ya mwisho umepanda juu kama mkia wa paka.

"Alisaini kwa hasira," Stamat alisema. "Kaboni imetoboka, ona."

Velika aliitoa karatasi ya asubuhi, akaiweka kando ya ile. Kisha akaomba rakia, tone moja tu, gari au si gari.

"Nikichukua hii, Mzee Stamat, itasomwa mbele ya bodi. Jina lako limo."

"Hutaichukua," mzee alisema. Tayari alikuwa akitafuta viatu vyake vya mjini. "Nitaipeleka mwenyewe. Mtoto wa watu ananyamaza kwa ajili yangu, mimi nimekaa nakula mtindi!"

*

Ijumaa saa nne, Mhadhiri Bonchev, Mhariri Mkuu, alifungua kikao kwa kutazama saa. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Lalev alikaa kulia kwake. Ralitsa alikaa peke yake mwisho wa meza, barua isiyosainiwa mbele yake.

"Daktari Gyurova, nafasi ya mwisho," Bonchev alisema. "Saini, tuseme ni makosa ya ujana."

"Sisaini."

"Basi eleza!"

"Sielezi."

Lalev alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopimwa vizuri. "Mnaona wenyewe."

"Mimi nina maelezo," Velika alisema, akasimama. "Profesa, jana ulisema hukukanyaga Ovchi Dol mwaka mzima. Bado unasema hivyo?"

"Bado."

"Na sahihi hii ya jana ni yako?"

"Ni yangu, umeniona nikiitia."

Velika alifungua mlango. Stamat aliingia na kofia yake kichwani, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya meza, akageuza kopo. Hereni ziliruka juu ya prufu, moja ikaangukia kwenye kikombe cha Bonchev.

"Niliwachinja mimi!" alisema. "Wote wa kundi la pili. Ni kondoo wangu, na Georgi ni Georgi. Mnataka kunifutia zizi, nifuteni mkiwa mnanitazama!"

"Mzee Stamat!" Ralitsa aliruka. "Hukupaswa kuja!"

"Nyamaza, binti yangu. Umenyamaza pasipofaa, sasa nyamaza panapofaa."

Velika aliweka nakala ya kaboni mbele ya Bonchev, na karatasi ya maelezo kando yake. Akasoma taratibu, neno kwa neno, tarehe kwa tarehe. Mwishoni akasoma namba 0417 na uzito wake wa tarehe ishirini Mei.

"Huyu, Profesa, ulimla wewe. Wiki mbili baadaye ukamwandika kwamba ameongezeka kilo moja na gramu mia saba. Nani mwingine angeweza kukujazia jedwali hili? Daktari Gyurova aliandika kweli kwa mkono wake, na wewe ukaishuhudia kwa sahihi."

Lalev alifungua mdomo. "Karatasi kama ile... wale watu huwashia moto."

Hakuna aliyemsaidia kuimalizia sentensi. Alikuwa ameshasema kwamba anaijua.

Bonchev alifuta paji la uso, na Velika, aliyemjua, aliona ule upole wa kupenda mambo yaishe ukirudi usoni mwake. "Basi," alisema. "Tuwe watu wazima. Makala inaondolewa. Barua ya Profesa tunairudisha, kama vile haikuandikwa. Mzee hana kosa. Daktari Gyurova anabaki na leseni yake. Kimya kimya. Kila mtu anakwenda nyumbani. Sawa?"

Lalev aliafiki haraka sana. Velika alimwangalia Ralitsa. Aliogopa angechoka. Yeyote angekuwa amechoka.

"Si sawa," Ralitsa alisema.

"Nini tena?"

"Niliitwa mwongo kwa maandishi, yenye muhuri. Mtaniita mkweli kwa maandishi, yenye muhuri. Na makala haiondoki. Nina vipimo vya kweli vya Aprili na vya Mei. Wanyama thelathini na wawili walipewa dawa, na minyoo ikabaki ileile. Dawa haifanyi kazi. Chapisheni hiyo."

"Bila kundi la kulinganishia?"

"Mayai yalihesabiwa kabla ya dawa na baada ya dawa. Nitaandika wazi kundi la pili lilikwenda wapi. Limeliwa. Mhakiki akicheka, acheke."

Bonchev alikunja uso. "Binti, makala ya dawa iliyoshindwa! Nani atasoma?"

"Mimi," Stamat alisema.

Wote wakamgeukia. Sauti yake haikuwa tena ile ya ng'ambo ya bonde.

"Mimi nitasoma. Masika haya yanayokuja nilikuwa niinunue, kwa kondoo wote mia tatu. Imeandikwa kwenye tangazo kwamba imethibitishwa na profesa."

Velika alivuta prufu kutoka chini ya hereni, akaikung'uta, akapiga mstari mmoja mnene juu ya jina la Lalev, kisha mwingine juu ya Jedwali la Nne lote, kutoka tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho. Akamsogezea Ralitsa kalamu ileile aliyoikataa jana.

"Jina lako tuliweke la kwanza?"

Safari hii Ralitsa aliichukua.

"La kwanza," alisema. "Na la pekee."